Namba ya Toleo Inapotelea Wapi? Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Takwimu za Chanjo

Kwa:
Mkuu wa Mpango wa Taifa wa Chanjo,
Mkuu wa Mamlaka ya Udhibiti wa Dawa,
Msimamizi wa Mifumo ya Takwimu za Afya.

Waheshimiwa,

YAH: LEJA YA DOZI NA LEJA YA MADHARA KUTOJUANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtunza kumbukumbu katika kliniki ya chanjo. Si daktari, ingawa akina mama huniita hivyo kwa sababu ya koti jeupe, nami nimechoka kuwasahihisha. Kazi yangu ni kalamu, rejesta na, tangu miaka ya karibuni, kishikwambi. Jambo hili nimeliandika mara tatu kwa njia zilizo rasmi. Mara ya kwanza nilipeleka maoni ndani ya mfumo wenyewe. Mara ya pili niliandika barua kupitia kwa mkuu wangu wa kazi. Mara ya tatu nililisema kwenye kikao cha tathmini, nalo likaingizwa kwenye muhtasari chini ya "changamoto ndogo ndogo". Jibu limekuwa lilelile: limepokelewa, linafanyiwa kazi. Anayelifanyia kazi sijamwona bado. Ndiyo maana leo naandika hadharani, kwa heshima zote, wala sina nia ya kumchongea mtu.

Niseme mapema nisije nikanukuliwa vibaya: wanangu wamechanjwa, na anayefuata atachanjwa. Lawama zangu haziihusu chanjo. Zinahusu namna tunavyoihesabu.

Kuna mfumo unaojua maboksi mangapi yametoka bohari kuu. Kuna mwingine unaojua dozi ngapi zimetolewa mwezi uliopita. Na kuna fomu, ambayo siku hizi ina programu yake, ya kuripoti maudhi na madhara baada ya chanjo. Vitatu hivi havisalimiani. Kitu pekee ambacho kingevikutanisha ni namba ya toleo, ile ambayo wengi wetu huiita bechi, iliyochapwa kwenye kila kichupa. Nayo hupotea kati ya jokofu na mkono wa mtoto.

Hoja zangu ni hizi.

1. Toleo halimfuati mtu

Boksi likiingia kliniki, naandika jina la chanjo, toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, idadi ya vichupa na hali ya kiashiria cha joto. Hapo hatuna ugomvi. Kichupa kikishatoka jokofuni kwenda meza ya mchanjaji, habari zake zinakatika. Rejesta ina safu ya toleo, lakini asubuhi yenye foleni namba huandikwa mara moja kwenye mstari wa kwanza, kisha alama za "kama juu" zinashuka mpaka mwisho wa ukurasa. Kichupa kinakwisha, kinafunguliwa kingine, pengine cha toleo jingine, na zile alama zinaendelea kushuka kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kwenye kishikwambi mnaweza kudhani mambo ni afadhali. Sehemu ya toleo si ya lazima. Ukiiacha wazi, mfumo unapita. Ukiandika sifuri, unapita pia na kukushukuru. Mwisho wa mwezi yote hujumlishwa kuwa tarakimu moja: dozi kadhaa za chanjo fulani, kituo fulani. Toleo limeshazikwa.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo nilichokuwa nikifanyia kazi wakati huo, tulipigiwa simu: toleo fulani lisitumike, linachunguzwa. Vichupa vilivyobaki tulivitenga ndani ya dakika kumi. Swali la pili ndilo lililotushinda: ni watoto gani wamekwisha kupewa? Tulikaa na rejesta jioni tatu mfululizo. Tulijua siku boksi lilipoingia na siku lilipoisha. Katikati kulikuwa na matoleo mawili jokofuni, na zile alama za "kama juu". Hatimaye tukafanya linalofanywa na mtu asiyejua: tukawapigia wazazi wote wa kipindi kile, waliopewa na wasiopewa, tukawauliza watoto wanaendeleaje. Ukimpigia mama simu saa mbili usiku kumuuliza kama mtoto aliyemchanjisha wiki tatu zilizopita ni mzima, humwulizi swali. Unampa hofu ya kulala nayo.

Toleo lile lilipimwa likaonekana salama. Waraka wa kusema hivyo ulitufikia baada ya wiki nyingi, na hakuna aliyetuagiza kuwapigia wale wazazi tena. Tuliwapigia kwa salio letu.

Aprili 1955, Marekani ilipoanza kutumia chanjo ya polio ya Jonas Salk, baadhi ya matoleo ya maabara ya Cutter yalikuwa na virusi hai. Watu takriban 200 walipooza na 10 wakafa. Chanjo ilikuwa imeidhinishwa tarehe 12. Tarehe 27 ile ya Cutter ikaondolewa. Siku 15, kwa simu za mezani na karatasi, kwa sababu ilijulikana nani alichanjwa kwa chanjo ya kiwanda kipi. Sisi tuna vishikwambi.

2. Tuna kiasi, hatuna asili

Mtoto wa shule anajua kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Ripoti za madhara ni kiasi. Dozi zilizotolewa ni asili. Watoto wawili wakipata degedege baada ya dozi 1,000 za toleo moja, hiyo ni habari ya kumwamsha mtu usiku. Wakiwa wawili kati ya dozi 1,000,000, huenda ni homa ambayo ingewapata hata wasingechanjwa. Ofisi yenu hupokea wale wawili. Lakini toleo likiwa halikuandikwa kwenye dozi, asili yake haipo popote, na mtaalamu wenu hubaki akikisia.

Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha RotaShield, chanjo dhidi ya virusi vya rota vinavyoharisha watoto. Kufikia Julai 1999 mfumo wao wa ripoti uitwao VAERS, ulioanza 1990, ulikuwa na ripoti 15 za watoto ambao sehemu ya utumbo ilijiingiza ndani ya sehemu nyingine. Kumi na tano tu, katika nchi kubwa vile. Tatizo hilo huwapata watoto wachanga hata bila chanjo, kwa hiyo maswali yalikuwa matatu: kati ya dozi ngapi, siku ngapi baada ya dozi, na kwa kawaida tungetarajia wangapi? Yalijibika. Matumizi yakasimamishwa mwezi huohuo, uchunguzi zaidi ukathibitisha uhusiano, na Oktoba chanjo ikaondolewa sokoni. Chanjo za rota zilizofuata zilipimwa kwa jicho la tukio lile.

Hesabu hiyohiyo huweza pia kuinusuru chanjo. Aprili 2021 wanawake 6 nchini Marekani walikuwa wamepata aina adimu ya kuganda kwa damu baada ya chanjo ya Johnson & Johnson ya UVIKO-19, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8 zilizokwisha kutolewa. Ilisitishwa, wakahesabu, na siku 10 baadaye ikarudi ikiwa na onyo. Mtu anaweza kubishana na uamuzi wao. Lakini walikuwa na cha kubishania.

VAERS nayo ina udhaifu wake, na wenyewe wanausema: yeyote anaweza kupeleka ripoti, na ripoti peke yake haithibitishi kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha. Kwa sababu hiyo, kando yake wana mfumo mwingine unaotumia kumbukumbu za matibabu kulinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa. Sidai tuwe na yote hayo kesho asubuhi. Naanza na asili.

3. Ripoti huingia, jibu halitoki

Hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mama mmoja alimleta mwanawe akiwa na siku mbili tangu dozi ya kwanza. Mtoto alikuwa amepata degedege nyumbani, akapelekwa hospitali, akapona. Nilijaza fomu pamoja na muuguzi, kila kisanduku, pamoja na toleo, ambalo kwa bahati siku ile lilikuwa moja tu. Ikatumwa. Mfumo ukanipa namba ya kumbukumbu ya ripoti. Baada ya wiki nne mama akarudi, siku ya dozi ya pili, akaniuliza: "Daktari, aendelee au asiendelee?"

Waheshimiwa, mifumo yote tunayoijenga, seva zote, semina zote, zipo ili swali la mama huyu lipate jibu. Nilimpeleka kwa muuguzi, muuguzi akampigia mganga, mganga akatumia busara yake. Ofisi iliyopokea ripoti haikusema neno. Mpaka leo nikifungua ile namba, hali yake inasomeka "imepokelewa".

Najua uchunguzi hauwezi kufanywa na mtu mmoja kwa siku moja. Shirika la Afya Duniani linataja vyanzo vitano vya tukio baya baada ya chanjo: sifa ya chanjo yenyewe, kasoro ya ubora wake, kosa la utoaji, wasiwasi wa mchanjwa, au sadfa, yaani jambo ambalo lingetokea hata hivyo. Kutofautisha hivi vitano kunataka kamati na muda. Lakini angalieni jinsi toleo linavyofupisha kazi. Watoto wakiugua kwenye kituo kimoja, na toleo lilelile limetumika vituo vingine bila shida, unaanza kukagua meza ya kituo kile. Wakiugua vituo vingi, toleo moja, unakwenda bohari na kwa mtengenezaji. Pasipo namba hiyo kamati inaanza na ukurasa mweupe.

Na mnajiuliza kwa nini wahudumu hawaripoti. Ripoti ya kwanza mtu huandika kwa moyo, ya pili kwa wajibu. Ya tatu haiandiki.

4. Joto lina daftari lake peke yake

Hili ni fupi. Tunasoma kipimajoto cha jokofu mara mbili kwa siku, nyuzi 2 mpaka 8, na kuandika. Karatasi ile hubandikwa ubavuni mwa jokofu, mwisho wa mwezi huingia kwenye faili, na faili huingia kabatini. Kiashiria kilichobandikwa kwenye kichupa, ambacho kilianza kutumika mwaka 1996 kwa chanjo ya polio ya matone, huonyesha chanjo iliyopata joto kupita kiasi. Hakionyeshi iliyoganda. Na zipo chanjo, ya pepopunda na ya homa ya ini B zikiwemo, ambazo barafu huziharibu kuliko joto. Kama jokofu liligandisha usiku wa Jumanne, ni toleo gani lilikuwa ndani, na nani alipewa Jumatano? Jibu liko kwenye madaftari matatu yasiyofunguliwa pamoja.

5. Kimya chenu kina gharama

Julai 2018 huko Samoa watoto wachanga wawili walikufa muda mfupi baada ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Baadaye ilibainika kwamba wauguzi waliichanganya na dawa ya kulegeza misuli badala ya kimiminika chake. Kosa lilikuwa la meza moja. Chanjo hiyo ilisimamishwa nchi nzima kwa miezi mingi, na imani ya wazazi ikaporomoka. Mwishoni mwa 2019 surua ikaingia: wagonjwa zaidi ya 5,700, waliokufa 83, wengi wao watoto wadogo. Sisemi kwamba mfumo wa takwimu peke yake ungezuia yote yale. Nasema kwamba kati ya kosa la meza moja na hofu ya nchi nzima kuna nafasi, na nafasi hiyo hujazwa ama na taarifa za haraka ama na uvumi. Uvumi hausubiri kikao.

Najua majibu ninayoweza kupewa, maana nimekwisha kupewa.

Mtasema hakuna fedha. Safu ya toleo ipo kwenye rejesta tayari. Sehemu ya toleo ipo kwenye programu tayari. Kinachotakiwa ni kuifanya ya lazima na kuizuia isipokee sifuri. Maboksi mengi ya chanjo siku hizi huja na msimbo wa mraba wenye namba ya bidhaa, toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kishikwambi mlichotupa kina kamera. Mchanjaji akichagua toleo kila anapofungua kichupa kipya, mfumo ungeweza kulijaza wenyewe kwa watoto wote wanaofuata mpaka kichupa kingine. Ni mguso mmoja kwa kichupa, wala hauhitaji kurudiwa kwa kila mtoto. Aliyeitengeneza programu ile angelijua hili kama angeketi kliniki asubuhi moja.

Mtasema mtandao haufiki kila mahali. Kweli. Basi programu ihifadhi ndani na itume ikipata mtandao, na karatasi isiondolewe. Mimi siamini mfumo ambao umeme ukikatika nao unasahau.

Mtasema faragha, na hapa nawavulia kofia, kwa kuwa ndiyo hoja ya kweli kati ya zote. Habari za afya za mtoto si mali ya kuchezewa, na kuunganisha mifumo kunaongeza milango ya wezi. Lakini kuunganisha hakulazimishi kila mtu aone majina. Jina linaweza kubaki kituoni, huku ngazi za juu zikiona namba isiyomtaja mtu, na kila anayefungua kumbukumbu akiacha alama yake. Denmark, ambako kila mkazi ana namba moja ya utambulisho tangu 1968, watafiti walifuatilia watoto 657,461 kwa kumbukumbu za namna hiyo na mwaka 2019 wakatangaza kwamba chanjo ya surua haikuongeza hatari ya usonji. Hakuna jina hata moja la mtoto lililotoka. Swali lililokuwa likiwatesa wazazi wa dunia nzima lilijibiwa na rejesta.

Mtasema wapinga chanjo watazitumia takwimu vibaya. Watazitumia. Za VAERS ziko wazi na zimepotoshwa mara nyingi. Lakini kiasi kikitolewa pamoja na asili yake, kwa lugha ya mtu wa kawaida, mpotoshaji anapata kazi ngumu zaidi kuliko anapokuta ukimya wa kuujaza apendavyo.

Na mtasema mfumo mpya unakuja. Hili ndilo linalonichosha. Nimehudhuria mafunzo ya mifumo mipya mara nyingi, nina fulana zake, na kila mmoja ulikuja kuzika uliotangulia pamoja na takwimu zake. Oktoba 2020 Uingereza, nchi isiyokosa kompyuta, ilibaini kwamba wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 walikuwa wameachwa nje ya hesabu kwa sababu lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta, la muundo wa zamani lilikuwa limejaa mistari. Kwa hiyo hata walioendelea hujikwaa. Mimi sihitaji mfumo mpya. Naomba iliyopo ifahamiane.

Ninachoomba, kwa maandishi na kwa tarehe:

Kwanza, ndani ya siku 90, toleo liwe sehemu ya lazima katika kila kumbukumbu ya dozi, kwenye programu na kwenye karatasi, likiandikwa upya kila kichupa kinapofunguliwa.

Pili, leja ya bohari, kumbukumbu za dozi, daftari la joto na ripoti za madhara zitumie namba ileile ya kituo na ileile ya toleo. Hili mliahidi mkiwa kwenye kikao nilichohudhuria, nami niliandika muhtasari.

Tatu, kila aliyepeleka ripoti ya madhara apate jibu la kitaalamu ndani ya siku 30, hata kama ni la muda, likisema jambo moja tu: mtoto aendelee na dozi inayofuata, asubiri, au aonwe na nani. Kama tukio ni zito, jibu hilo lisizidi siku chache.

Nne, kila robo ya mwaka mtangaze dozi zilizotolewa, ripoti zilizopokelewa, zilizochunguzwa na zilizobaki, kwa kila aina ya chanjo. Zilizobaki msizifiche. Hizo ndizo nitakazotafuta kwanza.

Tano, lifanyike zoezi mara moja kwa mwaka: mchague toleo moja bila kutuonya, mpige simu, mpime inachukua saa ngapi kituo kutaja wote waliolipata. Msitangaze majina ya vituo vilivyoshindwa. Tangazeni saa.

Sita, na hili ni langu. Ile ripoti ambayo hali yake inasomeka "imepokelewa" ninayo namba yake, na nakala ya karatasi iko kwenye droo yangu. Mtoto yule sasa anakaribia dozi ya tatu. Nawaomba niwe na jibu kabla mama yake hajafika dirishani.

Wenu katika kazi,

Mtunza kumbukumbu, kliniki ya chanjo

Nakala kwa:
Wachanjaji na watunza rejesta wote
Wajumbe wa kikao kile cha tathmini
Mama aliyeuliza